Kura ya Bunda na Kiti Kisichohojiwa

Jumapili ya tarehe 29 Oktoba 1995, watu wa Bunda walijipanga vituoni kuchagua mbunge. Kwenye karatasi zao yalikuwamo majina mawili yasiyohitaji kutambulishwa kwa yeyote. La kwanza lilikuwa la Joseph Sinde Warioba, mwanasheria aliyekuwa Waziri Mkuu kuanzia 1985 hadi 1990, mgombea wa CCM. La pili lilikuwa la Stephen Wasira, aliyeingia bungeni mwaka 1970 akiwa kijana wa miaka 25, akashika nyadhifa serikalini, kisha akaihama CCM na kujiunga na NCCR-Mageuzi. Wote wawili ni wana wa Bunda. Kura zilipohesabiwa, Waziri Mkuu wa zamani alikuwa ameshindwa nyumbani kwao.

Bunda ni jirani wa Butiama. Zote mbili ziko Mara, mkoa uliomzaa Mwalimu Julius Nyerere, na mwaka ule Mwalimu mwenyewe, mzee wa miaka 73, alizunguka nchi akimnadi Benjamin Mkapa wa CCM. Mtu angeweza kudhani kwamba Mara ingekuwa ya mwisho kukipa mgongo chama cha Mwalimu. Watu wa Bunda hawakuona mgongano wowote: Mwalimu walimpenda, na mbunge wakamchagua waliyemtaka.

Warioba hakukubali. Alikwenda mahakamani akidai kwamba kampeni ya mwenzake ilikuwa na rushwa. Ushindi ukatenguliwa. Shauri likafika Mahakama ya Rufani, na hukumu ya mwaka 1997 iliyobeba majina yao, Warioba dhidi ya Wasira, mpaka leo hutajwa na mawakili kila panapotokea kesi ya uchaguzi. Kwa hiyo ndani ya muda mfupi Bunda iliona mambo mawili makubwa. Raia wa kawaida, mwenye shamba la pamba au mtumbwi wa kuvulia dagaa, alimwangusha aliyewahi kuwa Waziri Mkuu. Kisha mahakama ikamwangusha aliyeshinda. Mara zote mbili mtu mzito aliondolewa kwenye kiti chake, na hakuna aliyelazwa kaburini kwa ajili hiyo.

Nimeifikiria Bunda ile kwa miaka mingi. Ninaona ndani yake kitu ambacho nchi nyingi zilizotawaliwa na wakoloni zimekitafuta tangu siku bendera zilipobadilishwa: njia ya kumwondoa mtu madarakani bila damu, na bila kumwomba ruhusa yeye aliyekikalia kiti. Kuchagua tulijifunza mapema. Kumwondoa tuliyemchagua ndiko kunakotutoa jasho hadi leo.

Rika linaondoka

Husemwa mara nyingi kwamba demokrasia ni mche wa kigeni uliopandwa hapa na Waingereza mwishoni mwa utawala wao. Anayesema hivyo hajaketi na wazee wa Mara.

Wazanaki, kabila la Mwalimu, hawakuwa na mtemi mmoja wa kabila zima. Kama jirani zao wengi kati ya Ziwa Victoria na mbuga za Serengeti, mambo yao yaliendeshwa na wazee wa koo, waganga wa mvua na, zaidi ya wote, marika. Mtu alizaliwa ndani ya mkondo mmoja wa vizazi kati ya miwili, Saai au Chuma, na kila kizazi kilikuwa na zamu yake ya kuitunza nchi. Zamu ikiisha, kizazi kile kilikabidhi na kukaa pembeni. Kukabidhi kulikuwa na sherehe yake na miiko yake. Hata aliyependwa sana alikabidhi, kwa kuwa muda wa rika ndio uliokwisha, na rika halibembelezwi.

Sitaki kuyapamba mambo hayo kuliko yalivyokuwa. Kijana alisubiri sana. Sauti ya mwanamke barazani ilikuwa ndogo. Lakini wazo kwamba madaraka yana tarehe ya kumalizika, na kwamba tarehe hiyo haipangwi na mwenye madaraka, lilikuwapo katika nchi hii kabla ya Mjerumani wa kwanza kuliona ziwa letu.

Mjerumani alipofika alihitaji mtu mmoja wa kumtoza kodi na kumpa amri. Wazee hamsini wanaobishana mpaka jua linatua hawakumfaa. Hivyo akatengeneza machifu mahali ambapo hawakuwapo, na Mwingereza alipokuja baada ya Vita Kuu ya Kwanza akaukuta mpango huo akaupenda, akauita utawala kupitia wenyeji. Burito Nyerere, baba yake Julius, alifanywa chifu wa Butiama na Wajerumani mwaka 1915. Alifariki mwaka 1942 na kiti kikaenda kwa mwanawe Edward Wanzagi.

Hilo ndilo badiliko ambalo naliona zito kuliko mipaka ya ramani. Mkoloni aliacha nyuma aina mpya ya kiongozi: anayewajibika juu, kwa aliyemteua, badala ya chini, kwa anaowaongoza. Chifu aliyechukiwa na watu wake alibaki chifu maadamu Bwana Shauri, ofisa wa kikoloni wa wilaya, ameridhika naye. Uhuru ulipokuja, Bwana Shauri akaondoka, ofisi yake ikabaki palepale, na kiti kikiwa bado kinatazama juu.

Mtoto wa chifu

Julius, aliyezaliwa mwaka 1922, alipelekwa Shule ya Mwisenge pale Musoma, kisha Tabora, Makerere na Edinburgh. Mwaka 1954 alikuwa miongoni mwa walioasisi chama cha TANU. Wakoloni waliipiga marufuku TANU Usukumani, kwa jirani zetu, kwa miaka kadhaa, jambo linaloonyesha jinsi walivyouogopa mkutano wa hadhara. Na uchaguzi wao wa kwanza wa mwaka 1958 ulikuwa na masharti ya ajabu: mpiga kura awe na elimu au kipato cha kiwango fulani, na kila mmoja ampigie kura Mwafrika mmoja, Mzungu mmoja na Mwasia mmoja, la sivyo kura yake iharibike. Hiyo ndiyo shule ya demokrasia tuliyofunguliwa, miaka 3 tu kabla ya kukabidhiwa nchi! TANU ilikutana Tabora Januari 1958, ikabishana vikali, ikaamua kushiriki hivyohivyo. Katika Jimbo la Mashariki Nyerere alishindana na Chifu Patrick Kunambi. Mtoto wa chifu akamshinda chifu.

Mwaka 1963 serikali yake ilifuta sheria ya machifu, na kiti cha kaka yake Wanzagi kikafutwa pamoja na vingine. Namheshimu sana kwa hilo. Ni viongozi wachache wa Afrika walioianza kazi ya usawa kwa kuubomoa ukuta wa nyumba yao wenyewe.

Lakini miaka hiyohiyo kiti kingine kilikuwa kinajengwa. Katika uchaguzi wa 1960 TANU ilipata viti 70 kati ya 71, na hicho kimoja kilichobaki kilichukuliwa na Herman Sarwatt wa Mbulu, mwana TANU aliyegombea kivyake. Majimbo 58 hayakupigiwa kura kabisa kwa sababu mgombea alikuwa peke yake. Mwaka 1962 Zuberi Mtemvu alisimama kushindana na Nyerere kwa urais akaambulia chini ya kura 2 katika kila 100. Mwaka huohuo ikapitishwa Sheria ya Kuweka Watu Kizuizini. Mwaka 1964 vyama huru vya wafanyakazi vikavunjwa na kuwekwa chini ya kimoja. Mwaka 1965 Katiba ya Muda ikaifanya nchi kuwa ya chama kimoja.

Hoja ya Mwalimu ilikuwa na nguvu, nami sipendi kuidharau. Aliuliza: chama kikiwa ni taifa zima, wapinzani watampinga nani? Aliwakumbuka wazee waliozungumza mpaka wakakubaliana, akasema huo ndio moyo wa demokrasia, na vyama viwili ni vazi la watu wengine waliogawanyika kwa matabaka. Aliona pia kasoro ya 1960, mgombea kupita bila kupingwa, akaitafutia dawa: TANU ikasimamisha wagombea wawili katika kila jimbo, mmoja kwa alama ya jembe, mwingine nyumba. Dawa ilifanya kazi. Mwaka 1965 Paul Bomani, Waziri wa Fedha, aliangushwa Mwanza. Amir Jamal, mwenye asili ya Kiasia, alichaguliwa Morogoro na wapiga kura Waafrika. Ghana ya Kwame Nkrumah ilipofanya uchaguzi mwaka huo wa 1965, wabunge walitangazwa bila kura kupigwa. Malawi ya Kamuzu Banda ilikuwa na hofu tupu. Kwa kipimo cha zama zile, jembe na nyumba vilikuwa kitu halisi.

Hata hivyo, Mwalimu aliwakumbuka wazee waliozungumza akawasahau waliokabidhi. Mazungumzo ni nusu ya jambo. Nusu ya pili ni siku ambayo rika linaondoka hata kama halijachoka. Mbunge aliweza kuangushwa kwa jembe au nyumba, lakini chama hakikuweza, na rais alishindanishwa na kivuli: ndiyo au hapana. Kwa hiyo vijiji vilipohamishwa kwa nguvu mwaka 1974, Mara ikiwamo, na nyumba za watu kuachwa nyuma na mazao yakiwa shambani, hapakuwa na mahali pa kusema hapana na neno hilo likawa na meno. Uamuzi ulifanywa kwa nia njema. Mwananchi aliyeubeba mzigo wake hakuwa na kura ya kuutua.

Miaka 11 baadaye Mwalimu mwenyewe alikabidhi. Novemba 1985 aliondoka Ikulu bila kusukumwa, na baadaye akarudi Butiama kulima. Mwaka 1990 alikuwa wa kwanza miongoni mwa wakubwa wa chama kusema hadharani kwamba mfumo wa chama kimoja si msahafu. Kuna unyofu ndani ya jambo hilo ambao hunigusa kila ninapofika Mwitongo, pale alipozikwa, katikati ya mawe makubwa. Mwitongo maana yake ni palipokuwa na makazi ya zamani: wenyeji wameondoka, mahali pamebaki.

Asilimia 20

Tume ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ilizunguka nchi mwaka 1991 ikiuliza swali moja. Karibu watu 80 katika kila 100 waliotoa maoni walitaka chama kimoja kiendelee. Tume ikapendekeza vyama vingi. Wapo wanaoona hapo kichekesho cha kuwalazimisha watu demokrasia. Mimi naona tofauti: watu 20 katika 100 si wachache wa kunyamazishwa, na haki ya kusema hapana haipatikani kwa idhini ya wanaosema ndiyo. Lakini Tume ilisema zaidi ya hayo. Ilitaja sheria 40 za kukandamiza zilizopaswa kufutwa au kurekebishwa, ikashauri iandikwe katiba mpya. Mwaka 1992 tulichukua vyama vingi, na katiba mpya tukaiacha mezani. Tulivalisha mwili uleule kanzu mpya.

Ndiyo maana Bunda ya 1995 ilikuwa na mwisho wake. Mwananchi wa Bunda aliweza kupinga ushindi wa mbunge mbele ya jaji. Ushindi wa rais hakuweza, wala hawezi leo. Ibara ya 41(7) ya Katiba ya 1977 inasema Tume ya Uchaguzi ikishamtangaza rais, hakuna mahakama itakayochunguza. Julai 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, nchini mwetu wenyewe, ilisema ibara hiyo inavunja haki. Ibara haijaguswa. Mahakama hiyohiyo ilikwisha kusema mwaka 2013, katika kesi ya Mchungaji Christopher Mtikila, kwamba kumlazimisha mgombea awe na chama ni kosa. Nalo lipo palepale. Ng'ambo ya mpaka, tarehe 1 Septemba 2017, Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta uchaguzi wa rais aliyekuwa madarakani, na nchi haikupasuka. Malawi, iliyowahi kuogopa kivuli cha Banda, ikafanya vivyo hivyo Februari 2020.

Na rushwa iliyompeleka Warioba mahakamani? Mwaka 1996 Rais Mkapa alimpa yeye kuongoza Tume ya kuchunguza rushwa nchi nzima, na taarifa yake bado ni kitabu cha kuumiza moyo. Miaka minne baadaye Bunge likahalalisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura. Kila aliyeishi kijijini miaka ile anajua takrima ilikuwa nini: sufuria la pilau, khanga, kofia, kilo ya sukari, na wapambe wanaohesabu shahada za kupigia kura. Ilichukua hadi Aprili 2006 Mahakama Kuu kuifuta, baada ya mashirika ya haki za binadamu kushitaki. Maskini anapouza kura yake kwa kilo ya sukari huwa tunamlaumu yeye. Kwanza tumuulize kura hiyo ilimsaidia nini mara ya mwisho alipoipiga bure.

Wana wawili wa Bunda, tena

Mwaka 2012 Rais Jakaya Kikwete alimteua Warioba kuongoza Tume ya Mabadiliko ya Katiba. Watu wengi hukumbuka kutoka rasimu yake jambo moja tu, muundo wa serikali tatu. Nami ninakumbuka kifungu kingine: wananchi wapewe uwezo wa kumwondoa mbunge wao kabla ya uchaguzi. Nikikisoma kifungu hicho naliona rika la Mara ndani ya lugha ya kisheria. Rasimu ilitaka pia mgombea huru, ukomo wa vipindi vya ubunge, na matokeo ya urais yaweze kupingwa mahakamani.

Bunge Maalumu la Katiba lilikaa Dodoma mwaka 2014. Miongoni mwa waliosimama imara kutetea serikali mbili alikuwa Wasira, wakati huo amekwisha kurudi CCM na kuwa waziri. Bunda ikakutana na Bunda kwa mara nyingine, safari hii juu ya nchi nzima. Wapinzani walitoka ukumbini Aprili, Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba bila wao, na kifungu cha kumwondoa mbunge hakikusalimika. Tarehe 2 Novemba 2014 Warioba, mzee wa miaka 74, alivamiwa na vijana wenye fujo katika mdahalo wa katiba pale Ubungo, Dar es Salaam. Kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haijapigwa mpaka sasa.

Oktoba 2015 wapiga kura wa Bunda Mjini walimwangusha Wasira, wakamchagua Ester Bulaya wa Chadema. Wapiga kura kadhaa walipinga mahakamani, Bulaya akashinda. Walewale waliomwangusha mmoja mwaka 1995 walimwangusha wa pili miaka 20 baadaye, bila kumwonea yeyote. Januari 2025 Wasira akachaguliwa Makamu Mwenyekiti wa CCM Bara. Siandiki hayo kumbeza. Mtu huyo ameshindwa kwa kura, ametenguliwa kwa hukumu, na kila mara amerudi ulingoni akiwa mzima. Siasa inayomruhusu aliyeshindwa kurudi ndiyo siasa ninayoitamani kwa kila Mtanzania, awe wa chama chake au wa chama kingine.

Ikaja 29 Oktoba tena, Jumatano, mwaka 2025. Ilikuwa miaka 30 kamili tangu kura ya Bunda. Chadema haikuwamo kwenye karatasi, na mwenyekiti wake Tundu Lissu alikuwa rumande kwa shitaka la uhaini. Vijana waliingia mitaani katika miji mbalimbali, intaneti ikazimwa, Dar es Salaam ikawekewa amri ya kutotoka nje, na watu wakauawa. Tume ilimtangaza Rais Samia Suluhu Hassan mshindi kwa asilimia 97.66. Kuna mama ambao hawataihesabu siku hiyo kwa asilimia. Wengi wa vijana waliotoka nje hawakuwa wamezaliwa Bunda ilipomwangusha Waziri Mkuu wa zamani. Hakuna aliyewahi kuwaonyesha kwamba jambo hilo linawezekana kwa karatasi na wino.

Daftari

Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 ina maneno ambayo watu wengi vijijini hawajawahi kusomewa. Inasema mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi mtu mzima, ndio wenye mamlaka ya juu katika mambo ya kijiji, na unaweza kuwaondoa wajumbe wa halmashauri ya kijiji, mmoja au wote. Mbunge hatuwezi kumwondoa katikati ya muhula. Rais hatuwezi kumhoji mahakamani. Lakini kuanzia Buswahili hadi Bukabwa, kijiji chochote cha Wilaya ya Butiama kimeshikilia mikononi mwake mamlaka ambayo taifa zima halina.

Nilihudhuria mkutano mmoja wa namna hiyo, katika kijiji ambacho sitakitaja. Tulikaa chini ya mti, wengine kwenye mawe, akina mama kwenye khanga zao, bodaboda wamekalia pikipiki zao nyuma kabisa. Mtendaji alisoma taarifa ya mapato na matumizi kwa kasi ya mtu anayekimbia mvua. Mwenyekiti akauliza kama kuna mengineyo, na kabla ya kujibiwa akasema muda umekwisha.

Bibi mmoja akanyoosha mkono, akasimama taratibu akijishika kiuno. Akasema: "Mwanangu, shikamoo yako niliitikia asubuhi, kwa hiyo hatujagombana. Tulichanga kwa ajili ya zahanati. Nondo nimeziona. Saruji sijaiona. Nisomee hapo penye saruji."

Mwenyekiti alikuwa ameshainuka, daftari liko kwapani. Alisema hilo litajibiwa kikao kijacho. Hakuna aliyenyanyuka. Hakuna aliyepiga kelele pia. Bodaboda mmoja alizima injini aliyokuwa ameiwasha, na pakawa kimya. Mwenyekiti alimtazama mtendaji, mtendaji akatazama chini. Ikapita kama dakika nzima. Kisha akavuta kiti, akaketi, akalifungua daftari na kuanza kutafuta ukurasa.